Seli zangu za perovskaiti zinakufa ndani ya wiki. Nianze na ufanisi au uimara?

Kijana_Ubungo:

Habari zenu wakuu. Ni mwanafunzi wa uzamili hapa Dar, upande wa fizikia. Natengeneza seli za sola za perovskaiti (fuwele zinazokamata mwanga badala ya silikoni) na nimekwama, naombeni msaada hasa kwa walio maabara.

Muundo wangu ni ule wa kwenye makala nyingi: kioo cha FTO kinachopitisha umeme, juu yake oksaidi ya titani, kisha MAPbI3 (perovskaiti yenyewe, ya methilamoniamu, risasi na iodini), kisha spiro-OMeTAD (tabaka la kutoa chaji) yenye chumvi ya lithiamu, na juu kabisa dhahabu. Perovskaiti naipaka kwa mashine ya kuzungusha, nadondosha klorobenzini katikati ya mzunguko, halafu naipasha kwa nyuzi 100. Sanduku la glavu lenye naitrojeni hatuna. Tuna kiyoyozi na desiketa yenye jeli ya silika, basi. Kiyoyozi kikiwaka unyevu unashuka hadi asilimia 50 hivi. Kikizimwa usiku, kipimo kinasoma 75 na zaidi.

Seli ikiwa mpya inatoa volti 1.02, mkondo miliampea 20.4 kwa sentimita ya mraba, FF (kipimo cha jinsi chaji zinavyotoka bila shida) 0.66. Huo ni ufanisi wa asilimia 13.7. Lakini hapo ni nikipima kutoka volti ya juu kushuka. Nikipima kutoka sifuri kupanda napata 9.6. Baada ya siku chache FF inaporomoka hadi 0.41, pembeni mwa utando panaanza kuwa na rangi ya manjano, na wiki haiishi seli imekwisha.

Msimamizi wangu anataka tasnifu ionyeshe walau asilimia 18, anasema wenzetu duniani wako kwenye 26. Sasa nifanye nini kwanza? Nitafute viongezi vya kupandisha ufanisi, au nihangaike na unyevu? Na ile manjano ni nini hasa? Nilijaribu pia fomamidiniamu badala ya methilamoniamu kwa sababu wanasema ni imara zaidi, nayo ikageuka manjano, tena haraka kuliko ile ya kwanza.

Binti_Pangani:

Mdogo wangu, pole na hongera. Asilimia 13.7 kwenye hewa ya Dar bila naitrojeni ni kazi nzuri. Mimi ni mtu wa Pangani, sasa niko maabara moja Ujerumani, na kazi yangu ni kuzeesha seli hizi kwa joto, mwanga na unyevu ili tujue kinachotangulia kuharibika. Kwa hiyo nianzie kwenye manjano yako.

Hizo ni manjano mbili tofauti, usiziweke kapu moja. MAPbI3 ikiwa manjano, maana yake methilamoniamu imeondoka na iliyobaki ni iodaidi ya risasi. Hiyo hairudi. Fomamidiniamu ikiwa manjano, mara nyingi haijaoza hata kidogo, ila atomi zimejipanga upya. FAPbI3, yaani hiyo ya fomamidiniamu, ina umbo jeusi linalozalisha umeme na umbo la manjano lisilozalisha kitu, na kwa joto la kawaida la chumbani inapenda lile la manjano. Unyevu unaiharakisha tu kufika huko. Kuzitofautisha ni rahisi: weka kipande kwenye sahani ya joto kwa nyuzi 150. FAPbI3 itarudi nyeusi mbele ya macho yako. Iodaidi ya risasi itabaki vile vile. Ukiwa na nafasi ya kupima XRD (eksirei inayoonyesha atomi zilivyojipanga), iodaidi ya risasi inatoa kilele kwenye digrii 12.7, FAPbI3 ya manjano kwenye 11.8, na perovskaiti nzima karibu na 14. Tiba ya fomamidiniamu inajulikana tangu 2016, pale Lausanne, Uswisi, walipochanganya sesiamu kidogo, fomamidiniamu nyingi na methilamoniamu kidogo, pamoja na bromini. Atomi ya sesiamu ni ndogo, ikiingia pale inabana fremu na umbo jeusi linatulia.

Sasa nijibu kabla sijaendelea: FF iliposhuka hadi 0.41, volti na mkondo vilikuwa ngapi? Hili ni muhimu kuliko yote uliyouliza.

Kijana_Ubungo:

Asante sana dada. Nimefungua daftari. Volti 0.98, mkondo 19.1. Yaani havijashuka sana.

Binti_Pangani:

Basi perovskaiti yako haikuwa imekufa. Tabaka linalokamata mwanga likioza, mkondo ndio unaoanguka. Kwako mwanga bado unakamatwa, volti ipo, ila chaji zinapata shida kutoka. Shida iko kwenye spiro na dhahabu. Manjano ya pembeni inafuata baadaye.

Spiro haipitishi chaji vizuri mpaka uitie ile chumvi ya lithiamu, na chumvi hiyo inavuta maji hewani kama chumvi ya jikoni iliyoachwa wazi wakati wa masika. Maji yakiingia, tabaka linapata vitundu na lithiamu inaanza kuhama. Usiku kiyoyozi kikiwa kimezimwa, seli yako inakunywa. Halafu dhahabu nayo si mlinzi: mwaka 2016 ilionyeshwa, palepale Lausanne, kwamba seli ikifika nyuzi 70 dhahabu inapenya spiro na kuingia ndani ya perovskaiti yenyewe. Paneli iliyo juu ya bati hapo nyumbani mchana wa Januari haiko mbali na joto hilo.

Tena kuna la methilamoniamu. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 2015 kwamba MAPbI3 inaoza kwa nyuzi 85 hata ikiwa ndani ya naitrojeni, hakuna maji, hakuna oksijeni. Na nyuzi 85 ndizo za mtihani ambao kila paneli ya kuuzwa inafanya: kiwango cha kimataifa cha IEC 61215 kinaiweka kwenye joto la 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000.

Kuhusu swali lako la ufanisi au uimara: kwenye perovskaiti hivi vitu vimeshikana kuliko watu wanavyoandika. Kasoro iliyo juu ya utando, pale ayoni ya iodini ilipokosekana, ndipo elektroni inaponaswa na volti yako inapotea. Palepale ndipo maji yanapoanzia kuingia, na ndipo ayoni zinapohamia chini ya mwanga. Ndiyo maana ukipaka chumvi kama iodaidi ya fenethilamoniamu juu ya utando, safu nyembamba sana, volti inapanda na umri unaongezeka kwa pamoja. Lijaribu hilo, halihitaji mashine mpya.

Ila namba ya msimamizi wako, sina budi kusema. Ile 26 ni ya kweli na imethibitishwa. Lakini imepimwa kwenye seli za eneo dogo sana, mara nyingi sehemu ya kumi tu ya sentimita moja ya mraba, zilizotengenezwa ndani ya naitrojeni. Na wengi wa walio kileleni sasa wameachana na muundo wako. Wanageuza seli juu chini, na badala ya spiro wanaweka safu moja tu ya molekuli za kabazoli zinazojishika zenyewe kwenye kioo, kazi iliyotokana na ushirikiano wa Kaunas, Lithuania, na Berlin. Ukishindana nao kwa spiro iliyo wazi kwenye unyevu wa 75, utamaliza miaka yako miwili unakimbiza namba inayokufa Ijumaa. Seli ya kwanza kabisa, ya Miyasaka na wenzake Japani mwaka 2009, ilikuwa na asilimia 3.8 na iliyeyuka kwa sababu ilikaa ndani ya kimiminika. Spiro ndiyo iliyoikoa mwaka 2012, ikaifikisha karibu na 10. Ilifanya kazi yake. Kwa pwani yetu nakushauri uiache.

Nenda kwenye kaboni. Mwaka 2014 kundi la Han Hongwei kule Wuhan lilitoa seli isiyo na spiro wala dhahabu, asilimia 12.8 iliyothibitishwa, ikakaa zaidi ya saa 1,000 kwenye hewa ya kawaida chini ya mwanga kamili. Muundo wake ni matabaka matatu yenye vinyweleo: oksaidi ya titani, oksaidi ya zirkoni, na juu kaboni nene ya mikroni kumi na zaidi. Unachapa yote matatu kwa skrini, unachoma kwenye tanuri, titani na zirkoni kwa nyuzi 500, kaboni kwa 400. Mpaka hapo hujagusa perovskaiti. Hakuna kinachoogopa unyevu, unaweza kuacha kabatini hata mwezi. Siku ukiwa tayari unadondosha mchanganyiko juu ya kaboni, unazama taratibu hadi chini, unaukausha kwa joto dogo. Kaboni yenyewe inakusanya chaji na inazuia maji. Kwenye mchanganyiko wanatia asidi ya aminovaleriki, inazishika chembe za perovskaiti na kuta za vinyweleo. Mwaka 2017 moduli za aina hii, sentimita 10 kwa 10, ziliripotiwa kukaa zaidi ya saa 10,000 kwa asilimia 11.2. Na jambo lililonifurahisha mimi mtoto wa pwani: seli hizi zikishakamilika, ukiziweka kwenye joto la wastani na unyevu mwingi kwa muda, nyingi zinapanda ufanisi, kwa sababu chembe zinajipanga upya ndani ya vinyweleo. Kwa hiyo unyevu uliokuwa ukiua seli zako unaweza kuingia kwenye tasnifu kama hatua ya utengenezaji.

Fundi_Masanja_Shy:

Nimewasoma kwa makini. Mimi nafunga sola Shinyanga na vijijini, si msomi wa maabara. Wateja wameanza kuniuliza habari za paneli mpya za perovskaiti, wameona kwenye simu. Dada, nizisubiri? Silikoni ninayofunga ina waranti ya miaka 25.

Binti_Pangani:

Kaka Masanja, usisubiri. Mfungie mteja silikoni leo, taa iwake.

Zinazokaribia soko si za perovskaiti peke yake, ni perovskaiti iliyowekwa juu ya silikoni. Silikoni peke yake dari yake ya kinadharia ni asilimia 29.4 hivi. Ukiweka perovskaiti juu, yenyewe inachukua mwanga wa buluu na kijani, silikoni inabaki na mwekundu na usioonekana. LONGi ya China ilifikisha 34.6 mwaka 2024 kwa seli ya maabara. Oxford PV, wenye kiwanda Brandenburg hapa Ujerumani, mwaka huohuo walianza kupeleka Marekani paneli za kibiashara zenye 24.5. Lakini hakuna paneli ya aina hii iliyokwishakaa miaka 25 juu ya paa lolote, kwa sababu hazina umri huo. Mtu akikuletea dukani, mdai cheti cha IEC cha paneli hiyohiyo. Cheti cha kampuni hakitoshi.

Mwalimu_Kisumu:

Hamjambo nyote. Ninyi mnazungumza juu ya unyevu na mimi nafikiria risasi. Hapa Kenya tunaikumbuka Owino Uhuru kule Mombasa, watoto waliokuwa na risasi kwenye damu kwa ajili ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama mwaka 2020 iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Je, hatuletewi risasi nyingine, safari hii juu ya mapaa? Kijana anaishika kila siku na hakuna aliyemuuliza anajikinga vipi.

Binti_Pangani:

Mwalimu, umesema jambo ambalo ningepaswa kuulizwa mapema, asante.

Tupige hesabu. Tabaka la perovskaiti lina unene wa nusu mikroni. Mita moja ya mraba ni nusu sentimita ya ujazo, gramu mbili hivi, na theluthi ya uzito huo ndiyo risasi. Yaani gramu 0.7 kwa mita ya mraba. Betri ya asidi ya Ah 100 ambayo fundi Masanja anaifunga chini ya paneli ina kilo zaidi ya kumi. Kwa wingi, hatari kubwa bado ni betri. Seli za kaboni zina kiasi kikubwa kuliko hicho kwa sababu vinyweleo ni vinene, lakini bado ni gramu.

Hata hivyo sitaki kuipuuza, maana risasi ya perovskaiti inayeyuka kwenye maji na mimea inaweza kuifyonza kirahisi kuliko risasi ya aina nyingine. Kioo kikipasuka mvua ikanyesha, inatiririka. Ndiyo maana kuziba ni lazima, kioo mbele na kioo nyuma, pembeni mpira wa butili. Na ile plastiki ya EVA iliyozoeleka kwenye silikoni iepukwe, kwa sababu ikipata joto na unyevu inatoa asidi ya asetiki ambayo perovskaiti haiivumilii. Poliolefini ni salama zaidi.

Mdogo wangu wa Ubungo, hili lisome mara mbili. DMF, kile kiyeyushi cha kuyeyushia perovskaiti, inapita kwenye ngozi na inaumiza ini, na ikiwa na iodaidi ya risasi ndani yake inaweza kuibeba risasi kuiingiza mwilini. Glavu za naitraili za kawaida DMF inazipenya kwa dakika chache. Tone likikudondokea, vua glavu papo hapo, usimalizie kwanza unachofanya. Vaa mbili, moja juu ya nyingine, au tafuta za butili. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa. Na mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Yakusanyeni kwenye chupa yenye lebo, hata kama chupa itakaa miaka ikisubiri mtu wa kuichukua.

Kijana_Ubungo:

Mwalimu na dada, nashukuru mno. Glavu nimekuwa nikivaa moja ya naitraili, kuanzia kesho mbili. Kuhusu kaboni nimeongea na msimamizi, hajakataa, anauliza mashine ya kuchapa tutaipata wapi na bei yake. Pia anauliza tutapimaje uimara bila kifaa cha kufuatilia nguvu ya juu ya seli. Kwa matokeo ya awali, ile 13.7 na 9.6, niandike ipi?

Binti_Pangani:

Andika zote mbili, na usiripoti ya kushuka peke yake. Tofauti hiyo inatokana na ayoni zinazohama ndani ya perovskaiti wakati unabadilisha volti. Namba inayoaminika ni ya tatu: ishikilie seli kwenye volti ya nguvu ya juu, yaani ile ambapo inatoa nguvu nyingi kuliko zote, kwako labda 0.75, chini ya mwanga, uandike mkondo mpaka utulie. Kwa seli za kaboni subira inahitajika zaidi, zinaamka polepole, zipe mwanga dakika kadhaa kabla hujasoma chochote.

Kwa uimara huhitaji kifaa cha gharama. Chukua kipinga. Seli ya nusu sentimita ya mraba yenye miliampea 20 kwa sentimita inatoa miliampea 10. Ikiwa volti yake ya nguvu ya juu ni 0.65, unahitaji ohm 65, na kipinga cha ohm 68 kinauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Unganisha, weka juani, pima volti kwenye kipinga kila baada ya muda fulani, pamoja na joto, unyevu na nguvu ya jua. Usiiache juani bila kipinga, maana seli isiyotoa mkondo inazeeka haraka kuliko inayofanya kazi. Mwaka 2020 watafiti wengi walikubaliana juu ya taratibu zinazoitwa ISOS: herufi D ni ya gizani, L ya mwanga wa maabara, O ya nje. Fuata ISOS-D-1 kwa za kabatini na ISOS-O-1 kwa za juani, kisha taja saa ambazo seli ilichukua kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Mtu wa Seoul au Oxford ataweza kulinganisha na yake. Data za nje kutoka pwani ya Afrika Mashariki ni adimu, na hapo ndipo tasnifu yako itasomwa.

Mashine ya kuchapa: nenda kwa wachapa fulana. Skrini yao ya nyuzi 43 kwa sentimita inafaa kabisa kwa kaboni. Kwa titani na zirkoni waombe wakutafutie ya nyuzi 100 au zaidi, na wachague imalshani (dawa ya kuzibia skrini) inayostahimili viyeyushi vya mafuta, maana ile ya rangi za maji itayeyuka ukimwaga uji wa kaboni. Fremu ya alumini, si ya mbao, kwa sababu mbao inapinda na unene wa tabaka unabadilika upande mmoja hadi mwingine. Tanuri la maabara la kuchomea udongo linatosha, mradi lifike 500 na lipande polepole, la sivyo kaboni inapata nyufa.

Kitu kimoja kitakusumbua bandarini. Kiyeyushi cha kawaida cha seli hizi ni gama-butirolaktoni, na nchi nyingi zinaidhibiti kwa kuwa inageuzwa dawa ya kulevya. Mzigo unaweza kukaa forodhani mpaka mradi uishe. Watu wa Swansea, Wales, wameonyesha kwamba gama-valerolaktoni inafanya kazi hiyohiyo, sumu yake ni ndogo, na inatokana na mimea. Agiza hiyo, na agiza sasa, kabla hujaanza kuchapa titani.